Heshima ya Wazee Waliokwenda Vitani

Heshima ya marehemu husimama juu ya jina lake. Aliyeuawa vitani akatajwa na wanawe amekufa mara moja. Aliyesahauliwa amekufa mara mbili. Insha hii yakusudia kutazama namna wazee wa Afrika Mashariki waliotumika katika vita vikuu viwili vya dunia walivyokumbukwa, na wajibu uliobaki juu yetu, wajukuu na vitukuu wao.

Vita vya kwanza viliingia katika nchi zetu mwaka 1914, vikaisha Novemba 25, 1918, Jenerali Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Barabara zilikuwa haba, na mbung'o waliua wanyama wa kubeba. Kwa hiyo mzigo wa vita ulitwikwa vichwa vya watu. Wanahistoria wakadiria kuwa upande wa Waingereza ulitumia wapagazi karibu milioni moja, na kwamba waliokufa ni zaidi ya 90,000. Risasi iliua wachache. Njaa, malaria na kuhara damu viliua wengi. Wajerumani nao walikuwa na askari na wapagazi wao, hata watu wa kabila moja wakakutana chini ya bendera mbili. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Maelfu ya watu hununua na kuuza hapo kila siku, wala hawakumbuki kuwa jina hilo ni jina la msiba.

Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann. Nairobi na Mombasa nazo zilipata sanamu zao. Ni kazi nzuri kwa macho, walakini zinasifu askari na wapagazi kwa jumla, bila kuwataja mmoja mmoja kwa majina. Upungufu huo haukuwa wa jiwe tu. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia warithi wao; kwa hiyo aliyepoteza jina alipoteza na haki. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake, ikaomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Vita vya pili viliwachukua watoto wa wale wale. Kutoka Tanganyika peke yake walikwenda zaidi ya watu 80,000. Askari wa Keya walipigana na Waitaliano Somalia na Uhabeshi, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha Bama. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua na matope, ikaushika mji wa Kalewa mwezi wa Desemba.

Katika ukoo wetu, baba wa babu yangu alichukuliwa upagazi, asirudi. Babu yangu alikwenda Bama, akarudi. La mpagazi tunajua jina lake tu. La askari tunajua mengi, kwa kuwa aliulizwa angali hai. Tofauti ya elimu hizo mbili haikuletwa na ushujaa, bali na swali.

Yuko atakayesema kuwa vita vile vilikuwa vya wageni, na kuwaheshimu waliovipigana ni kuutukuza ukoloni. Hoja hii yataka jibu. Wengi hawakwenda kwa hiari. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1915 ya kuwashika watu upagazi. Kumheshimu aliyeburutwa si kumsifu aliyemburuta. Bali kumsahau ni kumsaidia mburutaji, kwa maana dhuluma hupenda giza.

Sisi wa taaluma ya lugha tuna deni la pekee. Kiswahili cha Keya tumezoea kukicheka kwa sarufi yake. Walakini kwa lugha ile watu wa makabila mengi walipeana maji, walizikana, na waliagizana salamu za nyumbani. Yastahili kusomwa kabla ya kuchekwa.

Basi wanafunzi waende kwa wazee wa koo zao wakiwa na daftari. Waandike jina la aliyekwenda, kijiji alichotoka, kikosi alichotumika, na siku aliyorudi au habari iliyorudi badala yake. Yasomwe majina hayo katika hitima, katika ibada na katika mikutano ya ukoo, na nakala ziwekwe maktabani. Sanamu ni deni la serikali. Jina ni deni la mtoto, na deni hili halilipwi na mwingine.