Lancer Evolution na Impreza WRX: lipi lilitangulia kufika mia?

Leo tuweke tarakilishi kando kidogo, ingawa mtaona hatutaenda mbali nazo. Kuna ubishi mmoja usioisha hapa Nairobi, kwenye gereji, kwenye kibanda cha chai na hata kazini kwetu: kati ya Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX, lipi huchomoka haraka zaidi? Kila mtu ana namba yake ya "sufuri hadi mia" na huiapia. Mimi nasema nyingi ya namba hizo hazilinganishiki hata kidogo. Kwanza historia.

Magari haya yote mawili yalizaliwa kwa sababu ya rali. Kanuni za Kundi A zilitaka kampuni itengeneze magari 2,500 ya aina hiyo kwa ajili ya wateja wa kawaida kabla ya kuruhusiwa kushindana nalo. Ndiyo maana saluni ya milango minne, yenye buti ya kubebea viazi na vitunguu, ikafungwa turbo na kufanywa ivute kwa magurudumu yote manne. Mitsubishi ilileta Evolution ya kwanza Oktoba 1992. Subaru ikaleta WRX Novemba mwaka huohuo. Mwezi mmoja tu!

Tazameni karatasi za kiwandani. Lancer: injini ya petroli ya lita 2, nguvu farasi 250, uzito kilo 1,240. Impreza: lita 2 pia, farasi 240, kilo 1,200. Lancer lina nguvu zaidi, Impreza ni jepesi zaidi. Sasa tupige hesabu ya kidato cha tatu. Ongeza dereva wa kilo 60, tafuta nishati inayohitajika kufika kilomita 100 kwa saa, kisha gawanya kwa nguvu ya injini. Lancer linatoka na sekunde 2.73 na Impreza sekunde 2.75. Mia mbili za sekunde! Ukipepesa jicho, tofauti hiyo imeshapita.

Bila shaka hakuna aliyewahi kufika mia kwa sekunde 2.7 na magari hayo yakiwa kama yalivyotoka kiwandani. Hesabu hiyo inadhani injini inatoa nguvu zake zote tangu tairi linapoanza kuzunguka, jambo ambalo haliwezekani. Farasi wote hao hupatikana kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Na hapa ndipo magari haya yanapoachana. Nguvu ya msokoto ya Lancer, Nm 309, ilifika kileleni kwenye mizunguko 3,000. Ile ya Impreza, Nm 304, ilingoja hadi 5,000. Kwa maneno mengine, Lancer liliamka mapema. Dereva wa Impreza ilimbidi aikoroge giya, aiweke injini juu muda wote, la sivyo angeikuta turbo bado inajinyoosha kitandani. Mwenye mguu mzuri wa klachi hakuona shida. Sisi wengine tungeachwa kwenye taa.

Baadaye ubishi ukawa mgumu zaidi. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao ya kutotangaza gari la zaidi ya farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Mwaka 1996 Evolution IV na Impreza WRX STi zote zikafika 280. Tangu hapo namba ya nguvu kwenye karatasi haikuwa na habari yoyote ndani yake, maana wote waliandika jibu moja. Ushindani ukahamia kwenye difu: Mitsubishi ikaleta mfumo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, na Subaru kwenye baadhi ya matoleo ikampa dereva kigurudumu kidogo cha kurekebisha difu ya katikati kwa kidole.

Sasa turudi kwa namba zenu za "sufuri hadi mia". Waingereza hupima hadi maili 60 kwa saa, ambayo ni kilomita 96.6. Inaonekana karibu, lakini kufika 100 kunahitaji nishati zaidi kwa asilimia 7, na kama giya ya pili inaishia kwenye 97, unaongeza na muda wa kubadilisha. Magazeti mengi ya Marekani nayo huanza kuhesabu baada ya gari kusogea futi moja, desturi iliyotoka kwenye mashindano yao ya mbio za mstari ulionyooka, na hapo huokoa kama thuluthi ya sekunde. Mtu anachukua namba ya Impreza kutoka London, ya Lancer kutoka California, halafu anapiga meza. Ni kama kulinganisha programu mbili, moja umeipima tangu inapofunguliwa na nyingine baada ya kumaliza kupakia data.

Hata ukipima vizuri, barabara ina neno lake. Kwenye murram msuguano ukiwa nusu ya uzito wa gari, hakuna gari la magurudumu litakalofika mia chini ya sekunde 5.6, uwe na farasi 250 au 2,500. Na Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Turbo hufidia sehemu kubwa, ila lazima izunguke kwa kasi zaidi, kwa hiyo huchelewa zaidi kuamka. Kwa maoni yangu, hapa kwetu ile mizunguko 3,000 ya Lancer ilikuwa na thamani kuliko farasi 10 walioandikwa kwenye karatasi.

Safari Rally je? Tommi Mäkinen alishinda na Lancer 1996, Colin McRae na Impreza 1997, Richard Burns na Carisma (ambayo chini ya jina lake ni Lancer) 1998, Burns tena na Impreza 2000, Mäkinen na Lancer 2001. Tatu kwa mbili. Ila Impreza hizo mbili zilikuwa za milango miwili, kwa hiyo mashabiki wa Subaru wasizitumie kutetea saluni yao.

Evolution iliacha kutengenezwa 2016. Mwaka 2022 Subaru ikatangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya petroli. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, magari ya miaka ya 1990 tuliyo nayo ndiyo hayohayo, na mengi yameshabadilishwa turbo, ekzosi na programu ya injini. Mkiyapanga mawili kwenye mstari leo, mnachopima ni kazi ya fundi.