Ngoma ya Beni katika Miji ya Pwani

Watu wa bara, na sisi wa Buha tumo, tumezoea kusema kwamba mji wa bandari humla mtu usiku. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na baadaye babu zetu wengi wa Kasulu na Kibondo wakapanda gari la moshi kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Wengine hawakurudi, na lawama ikatupiwa ngoma za pwani. Mimi naona lawama hiyo imezidi kipimo, na yafaa tuitazame ngoma yenyewe.

Katika ngoma hizo hakuna iliyovuma kama beni. Jina lake limetoka katika neno la Kiingereza la bendi, nayo ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Wachezaji walijipanga safu kama askari, wakavaa kofia, mikanda na nishani, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, aonyesha kwamba miongoni mwa waliowazoeza watu wa Mombasa sauti ya tarumbeta walikuwamo Wakristo wa Freretown, kijiji cha watumwa waliofunguliwa, kilichoanzishwa na Misheni ya C.M.S. mwaka 1875. Jambo hili hunichekesha kidogo, maana wamisheni walioikemea beni baadaye walikuwa wakimkemea mjukuu wao wenyewe.

Huko Mombasa watu wakagawanyika, hawa Kingi, hawa Skochi, kila upande ukitaka kuushinda mwenzake kwa mavazi, kwa karamu, na kwa nyimbo za mafumbo. Wanawake nao walikuwa na lelemama yao, yenye vyama na vyeo. Fedha nyingi ziliteketea katika mashindano hayo. Hilo hatuwezi kulificha.

Dar es Salaam vyama vikuu vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana, watu wa mji na wenye kazi za heshima. Arinoti ndicho kilichokuwa chama cha wanyonge, wachukuzi na vibarua, wengi wao wametoka bara. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majemadari wake, hata daktari wake. Basi mtu aliyeshinda mchana akibeba magunia bandarini, akiitwa "boi" na kila apitaye, usiku alisimama mbele ya watu akiitwa Bwana Jemadari. Anayetaka kucheka na acheke.

Tena vyeo hivyo havikuwa mchezo mtupu. Mgeni asiye na ukoo mjini akiugua, ni nani atakayemtazama? Akifa, ni nani atakayemnunulia sanda? Wenzake wa ngoma ndio waliochanga fedha, wakamwuguza, wakamzika. Kwetu Titye kazi hiyo ni ya ndugu na majirani. Kwa hiyo sioni ajabu kwamba kijana wa bara, aliyefika pwani peke yake, alitafuta ndugu pale tarumbeta zilipolia.

Vita ya mwaka 1914 hata 1918 iliitawanya beni. Askari na wachukuzi waliichukua mpaka nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. (Jina la Kariakoo limetoka kwa wachukuzi hao hao, waliopigwa kambi mahali pale.) Serikali za kikoloni zikaingiwa na shaka kuona watu wanaojua kujipanga na kutii wakubwa waliowachagua wenyewe. Mwaka 1935, wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, tume iliyowekwa kuchunguza iliuliza pia habari za chama cha mbeni.

Baadaye vijana waliosoma walianza kuiona beni kuwa ushamba, wakapenda dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na bendi nyingine zikafuata.

Lakini desturi ya vyama haikufa. TANU kilizaliwa mwaka 1954, na mwaka uliofuata kikataka wanawake. Kazi hiyo alipewa Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Hakuanza kwa kwenda nyumba hata nyumba. Aliwaendea wakubwa wa vikundi vya ngoma vya wanawake, nao wakawaita watu wao. Na katika miezi michache wanawake kwa maelfu walikuwa wamekwisha chukua kadi.