Kuogelea masafa

Zoezi la kwenda na kurudi bwawani bila kupumzika, hasa kwa wanaotaka kupunguza uzito. Katika bwawa la mita 25, kilomita moja ni kuvuka mara 40. Mtu wa kilo 70 akiogelea nusu saa kwa mwendo wa wastani huchoma takriban kilokalori 200. Chapati moja kubwa huzirudisha zote. Maji hubeba mwili, hivyo magoti ya mtu mnene hayateseki kama anapokimbia. Kwa wakazi wa Tororo, Uganda, Ziwa Victoria liko jirani, Majanji upande wa Busia ya Uganda na Port Victoria upande wa Kenya, ila ufukweni kuna kichocho. Asiye na bwawa Tororo ana Mwamba wa Tororo wa kupanda, mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, wenye ngazi za chuma kwenye miinuko mikali.