Vikwazo vya Kujifunza kwa Watoto Wenye Mahitaji Maalumu (Elimu ya Msingi, Tanzania)

Ni mambo yanayomzuia mtoto asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino, usonji, ulemavu wa viungo au wa akili kuelewa somo na kuonyesha alichoelewa. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na elimu bila malipo ikatangazwa upya kuanzia 2016. Tangu hapo kikwazo kizito kimehamia darasani, nacho ni mawasiliano.

Historia

Elimu maalumu ilianzishwa na makanisa. Waanglikana walifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Wakatoliki, shule ya viziwi Tabora, 1963. Wenye ulemavu wa akili walisubiri hadi 1982.

Mawasiliano darasani

Watoto viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mwenzao anayesikia huingia darasa la kwanza na Kiswahili au lugha ya nyumbani kinywani. Wao mara nyingi huingia bila lugha yoyote iliyokomaa, kisha hutakiwa kusoma na kuandika lugha wasiyoisikia kwa mwalimu asiyejua Lugha ya Alama. Matokeo duni yakija, lawama huangukia akili ya mtoto. Asiyeona ana lugha tayari, ila hukosa maandishi: kitabu kimoja cha nukta nundu hujaa majuzuu kadhaa, na mashine yake ni ghali. Baraza la Mitihani humwongezea dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Ni hatua ya haki, lakini dakika hazifidii miaka ya kusimuliwa pembetatu kwa mdomo tu. Kwa mwenye ualbino, hofu ya mauaji ya watu wenye ualbino ilifanya ulinzi wa bweni, kama katika shule za Buhangija na Mitindo, uzungumzwe kuliko uoni wake hafifu, ingawa dawati la mbele na maandishi makubwa ni nafuu mno.

Usonji hauonekani kwa macho, hivyo mara nyingi huitwa utundu.

Mjadala

Wapo wanaosema tatizo ni msongamano, unaowaumiza wanafunzi wote. Ni kweli, lakini darasa likipunguzwa hadi watoto 30, kiziwi bado hamwelewi mwalimu asiyejua alama. Wengine hutetea shule za pekee dhidi ya elimu jumuishi. Kwa viziwi hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa lugha hukua penye wasemaji wake, na kiziwi mmoja katikati ya wanaosikia amejumuishwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwa mwenye uoni hafifu haina nguvu: anachohitaji kinabebeka hadi shule ya kijijini kwao.

Hali ya sasa

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya elimu. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa, pamoja na kwingineko, katika Chuo cha Patandi, Arusha.