Amri Isiyo Halali: Swali la Kale la Mtumishi wa Serikali



Baada ya mkutano wetu mmoja hapa Kamina, ndugu anayefanya kazi katika ofisi ya serikali alinivuta kando. Mkubwa wake alikuwa amemwagiza akusanye ushuru sokoni pasipo kutoa karatasi ya malipo. Akaniuliza: «Mwalimu, nikikataa nitapoteza kazi, nikikubali nitawaibia akina mama wanaouza mihogo. Sheria inasema nini?» Sikumjibu upesi. Niliona ya kuwa swali lake ni la kale kuliko yeye na mimi, na kwamba wazee wetu waliliishi pasipo kupewa nafasi ya kuliuliza.

Tuanze na zama za Bula Matari. Ubelgiji ulipoichukua nchi kutoka mikononi mwa mfalme Leopold II mwaka 1908, ulihitaji watu wa kuufikia kila mji na kila kijiji. Dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 iliwatambua machifu na kuwaingiza katika utawala. Chifu alivikwa medali kifuani, na pamoja na medali alipokea mzigo: kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Asiyekubalika kwa wakubwa aliondolewa. Sisi tulio katika nchi ya Waluba twamkumbuka Kasongo Nyembo, aliyekamatwa mwaka 1917 na kupelekwa uhamishoni Buta, mbali sana upande wa kaskazini. Kisha ikaja dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933, iliyopanga uchifu na sekta, na kuruhusu kazi za lazima, zikiwemo za mashamba, hadi siku 60 kwa mwaka. Kapita alipita akipima shamba la pamba, na aliyelegea alijua fimbo inamngoja. Sheria ilikuwapo, tena iliandikwa vizuri. Lakini ilimfundisha mtumishi fadhila moja tu, ndiyo utii. Kuuliza kama amri ni ya haki hakukuwa sehemu ya kazi yake.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, swali liligeuka sura. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga. Karani aliyekaa mezani pake asubuhi ile alipaswa kuchagua: amri halali ni ya Elisabethville au ya Léopoldville? Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilikuwa na jibu kwenye karatasi, ila bunduki ndizo zilizosema kwa sauti. Huku kaskazini, ambako wengi waliifuata Balubakat ya Jason Sendwe, aliyetii upande mmoja alihesabiwa msaliti na upande wa pili. Mambo hayo yalidumu hata Januari 1963, na familia nyingi zingali na makovu yake.

Chini ya Mobutu uchaguzi wenyewe uliondolewa. MPR, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilifanywa kuwa kitu kimoja na dola, na kiongozi wa serikali mahali fulani akawa papo hapo kiongozi wa chama. Mwaka 1972 majina ya kikristo yalikatazwa. Mwandishi wa vizazi aliyekuwa mkristo alilazimika kumwandika mtoto pasipo jina alilobatizwa nalo. Mwaka huo huo Kardinali Malula alilazimika kuiacha nchi kwa muda. Baadaye mshahara ulipoyeyuka, watu wakazoea kutaja kwa mzaha «kifungu cha 15»: kila mtu ajitafutie. Mzaha huo ulikuwa sheria ya kweli ya ofisi zetu. Sitajitoa katika historia hii. Mimi nilikuwa mwalimu kijana katika miaka ya 1990, nikaishi kwa fedha za wazazi kwa sababu ile ya serikali haikutosha hata chumvi. Najua jinsi njaa inavyoifundisha dhamiri kunyamaza.

Kwa hiyo Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 isisomwe kama karatasi nyingine tu. Kifungu chake cha 28 kinasema kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Na mtumishi wa serikali amefunguliwa wajibu wa kutii ikiwa amri inavunja waziwazi haki za binadamu, uhuru wa watu au maadili mema. Kifungu cha 174 chakataza kodi isiyowekwa na sheria. Kifungu cha 193 chataka utawala usiokuwa wa chama wala wa upendeleo. Kwa mara hii mtumishi ameruhusiwa kuuliza. Lakini tusome hadi mwisho, maana kifungu cha 28 chaongeza neno zito: anayekataa amri ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha kwamba haikuwa halali. Mwenye kukataa hutembea akibeba mzigo wa ushahidi, na mara nyingi huubeba peke yake.

Tangu mwaka 2015 jambo hili limetukaribia zaidi. Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne, na Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Mwanzoni tuliongozwa na makamishna maalum, kisha magavana wakachaguliwa mwaka 2016. Tarehe 15 Julai mwaka huo huo ikatolewa sheria mpya ya watumishi wa kudumu wa serikali. Zamani tulisema ubaya unatoka Kinshasa au Lubumbashi. Sasa gavana yuko hapa, baraza la mkoa liko hapa, na mtoza ushuru twasali naye katika kanisa moja.

Yuko mmoja wetu aliyelijibu swali hili kwa uhai wake. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyesomea sheria na mfuasi wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Alipewa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viingie nchini, akakataa. Aliuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza mwenye heri. Hakuwa padri wala waziri. Kazi yake ilikuwa kukubali au kukataa mzigo wa chakula, na hapo mezani pake ndipo alipoitwa.

Basi nilimjibu ndugu yetu kwa mambo mawili. La kwanza latoka katika Injili ya Luka, sura ya 3: watoza ushuru walipomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, bali wasitoze kupita kiasi kilichowekwa. La pili latoka katika Katiba: omba amri hiyo kwa maandishi, tena uulize ni sheria gani imeuweka ushuru huo. Alifanya hivyo kwa adabu. Mkubwa wake hakuandika neno. Majuma machache baadaye ndugu yetu alihamishiwa ofisi isiyo na kazi.

Twaweza kumsifu, kisha twende zetu. Lakini ikiwa sheria yamtwika anayekataa mzigo wa ushahidi, haifai aubebe peke yake. Akina mama wa chama chetu wanaouza sokoni waweza kudai karatasi ya malipo kila siku na kuitunza. Wenye elimu ya sheria kati yetu waweza kumsaidia kuandika barua yake. Sisi wengine twaweza kuuliza, katika kila mkutano, kama watoto wake wamekula.