Kutoka MV Bukoba hadi Uwanja wa Bukoba: Usalama Hauanzi Siku ya Ajali

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba boti ya polisi wanamaji ilichelewa, tena ikiwa na upungufu wa oksijeni na mafuta.

Miaka 26 kabla, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka katika ziwa hilohilo. Ilipotobolewa ili kuwaokoa waliokuwa ndani, hewa ilitoka, meli ikazama.

Tangu Novemba 2013, Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago kinazitaka nchi zibaini hatari kabla hazijaua. Uwanja uliopakana na ziwa ni hatari inayoonekana kwa macho.

Msafiri wa Kagera aliyezoea kupandia basi Ubungo sasa hupanda ndege. Hakununua tiketi ya bahati nasibu. Kumshangilia mvuvi ni haki. Kumgeuza kuwa ndiye mfumo wa uokoaji ni dola kukwepa wajibu wake.