Nani Anayelipa Simu?

Mwenye duka dogo wa Dar es Salaam hajawahi kuchagua simu kwa ubora wake. Huchagua kwa kuangalia nani atalipa. Nayasema haya kwa sababu nimekula kwa simu za watu: nilianza kazi nikiwa mpokea simu kwenye duka la vipuri Gerezani, nikasoma uhasibu wa jioni, na sasa nina ofisi Mtaa wa Lumumba ninakotunza vitabu vya wenye maduka, mafundi na mawakala wa forodha. Wakishanikabidhi risiti zao huniuliza swali lilelile: "Mama, tulipie Zoom au tubaki na WhatsApp? Ile simu ya mezani tuikate?" Huwa nawajibu kwa historia, na wenye haraka hunivumilia kwa sababu ya chai.

Pwani yetu ilianza kuunganishwa kwa waya mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari ilifika Unguja kutoka Aden, ikaendelea kusini kupitia Msumbiji hadi Durban. Haikubeba sauti bali telegramu, na telegramu ilitozwa kwa neno. Mfanyabiashara wa karafuu aliyetaka kujua bei ya London alilipia kila neno alilotuma, kwa hiyo wafanyabiashara wa enzi hizo, huku na duniani kote, walitumia vitabu vya misimbo ambamo neno moja lilibeba sentensi nzima. Ubahili wa mawasiliano ulikuwapo hata kabla simu haijafika.

Simu niliyoikuta mimi Gerezani ilikuwa ya mezani, nyeusi, yenye kisahani cha kuzungusha. Mitambo yake ilikuwa imerithiwa kutoka shirika la posta na simu la Afrika Mashariki, ambalo liligawanyika Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Kupata laini mpya ya biashara ilikuwa kazi ya kujaza fomu na kusubiri, kisha kusubiri tena. Aliyepanga fremu yenye laini tayari alihesabiwa kuwa mwenye bahati, na kodi yake ilionyesha hivyo. Ukishaipata, ulilipa ada hata mwezi ambao hukupiga. Ukipiga, ulilipia na mazungumzo. Mzigo wote ulikuwa wa mwenye laini.

Ndiyo maana tajiri wangu aliifunga simu kwa kufuli. Lilikuwa kufuli dogo la shaba lililoingia kwenye tundu moja la kisahani, na kisahani kikagoma kuzunguka. Kupokea uliweza, kupiga hukuweza, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa shati lake. Vijana wa stoo hawakuchukua muda kuigundua dawa yake. Waliinua mkono wa simu, wakagonga kile kitufe kinachokaliwa na mkono ule: namba 4 ni kugonga mara nne upesi, sifuri ni mara kumi, unatua kidogo kisha unaanza tarakimu inayofuata. Ukikosea mdundo, unaanza upya. Kisahani chenyewe kilifanya kazi hiyohiyo ya kukata na kuunga umeme, kwa hiyo mitambo haikujua tofauti. Bili ikija mwisho wa mwezi, tajiri aliitazama, kisha akanitazama mimi.

Baada ya hapo likaja daftari. Kila aliyepiga nje ya mji aliandikwa jina, saa na mji: Arusha 057, Mwanza 068. Sisi wenyewe tulikuwa 051 kabla Dar es Salaam haijawa 022. Majirani wasio na simu walikuja kupiga kwetu na kulipa kaunta, na wengine walitoa namba yetu kwa wateja wao. Simu ikilia nilikuwa nikitoka mlangoni kumwita fundi wa upande wa pili wa barabara, huku mpigaji wa Dodoma akishika laini na dakika zikimlia. Kwa simu za nje ya nchi tajiri aliona ni nafuu kwenda Extelecoms House, Mtaa wa Samora, kuandikisha namba na kusubiri aitwe kwenye kibanda. Ilipokuja faksi akapumua: bei ya mzigo ilifika imeandikwa, na gharama ilikuwa ya aliyetuma.

Mwaka 1994 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kampuni ya simu, TTCL, ilianza kujitegemea baada ya kutenganishwa na posta, na Mobitel ikawasha mtandao wa kwanza wa simu za mkononi nchini. Kwa miaka ya mwanzo simu hiyo ilikuwa pambo la mkanda wa tajiri kuliko chombo cha duka. Mambo yaligeuka Vodacom ilipoingia mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, ushindani ukawa mkali, na vocha za kukwangua zikashuka hadi bei ambayo dobi na muuza mboga waliimudu. Fomu na foleni vikaisha. Ulinunua laini dukani, ukaweka salio, ukapiga. Salio likiisha uliendelea kupokea.

Hapo mteja akapata mamlaka ambayo hakuwahi kuwa nayo. Akajifunza kubip. Analiza mara moja, anakata, na wewe mwenye duka unajua: huyu anataka bidhaa lakini hataki kulipia maongezi. Usipompigia, atambip mwenzako wa duka la pili. Nimewahi kutunza vitabu vya muuza vitambaa ambaye matumizi yake makubwa baada ya kodi ya fremu yalikuwa vocha, na karibu zote ziliishia kuwapigia waliobip. Alilalamika kila mwezi, lakini hakuacha, kwa sababu aliyejibiwa alikuja na fedha.

Kisha ikaja adha ya mitandao. Kupiga ndani ya mtandao wako kulikuwa nafuu, kuvuka kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali, na sababu haikuwa uroho peke yake. Kampuni ya mpigaji ililazimika kuilipa kampuni ya mpokeaji gharama za mwingiliano, ambazo kwa miaka mingi zilizidi shilingi 100 kwa dakika. Ndipo vibao vya maduka Kariakoo vikajaa namba: moja ya Voda, moja ya Tigo, moja ya Airtel, wakati mwingine na ya Zantel kwa ajili ya wateja wa Unguja. Mwenye duka alipanga simu tatu juu ya meza, na Mtaa wa Aggrey ukatajirika kwa simu za Kichina zenye sehemu mbili za laini. Laini mbili kwenye simu moja zilikuwa jibu la watu wa kawaida kwa hesabu za kampuni.

Hesabu hizo zilibadilishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Mwezi Machi 2013 gharama ya mwingiliano ilishushwa hadi shilingi 34.92 kwa dakika, mwaka 2018 ikawa 15.60, na ikaendelea kupunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka kufika shilingi 2 mwaka 2022. Wateja wangu wengi hawajawahi kuisikia tarakimu hata moja kati ya hizo, lakini ndizo zilizowapa vifurushi vya mitandao yote na kuwaondolea simu mbili mezani. Tangu Machi 2017 imewezekana pia kuhama mtandao bila kubadili namba. Kwa mwenye duka aliyekwisha kuchora namba yake ukutani, kwenye mifuko na kwenye gari, ruhusa hiyo ilikuwa na thamani kuliko punguzo lolote la kifurushi.

Upande wa intaneti ulianza kwa kujificha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya intaneti kafe za mjini zilikuwa na kona yenye kipaza sauti cha kichwani, ambako mtu alizungumza na ndugu yake Toronto kwa bei ndogo sana. Kisheria haikuruhusiwa, kwa kuwa TTCL ilikuwa na haki ya peke yake ya simu za kimataifa hadi Februari 2005. Vikao vya video navyo vilikuwepo, lakini si kwa ajili ya watu wa Gerezani: kulikuwa na kituo kwenye jengo la Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, chenye skrini kubwa na uunganisho wa setilaiti, na waliokaa mle walikuwa maofisa na wahadhiri. Kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, ndipo njia pana ilipofunguliwa kwa wengine. WhatsApp ikaongeza simu za video mwishoni mwa 2016, ikatoa programu ya biashara mwaka 2018, na mwenye duka akaanza kumwonyesha mteja wa Mbeya kitenge huku amekishika mkononi.

Hapa ndipo nawaomba wateja wangu wasikilize, maana watu wengi hawaoni kilichobadilika. Katika simu ya kawaida anayepiga analipa na anayepokea halipi. Katika simu ya intaneti wote wawili wanalipa, kila mmoja kwa bando lake. Kikao cha video cha saa moja kinaweza kumaliza GB nzima, na mteja uliyemwalika ndiye anayeona bando lake likikatika katikati ya maelezo yako. Yule aliyekuwa akibip ili asilipe sasa unamtoza kwa kumpigia wewe. Wengi hawatakwambia. Watasema mtandao unasumbua, watazima video, kisha hawatapokea tena.

Kwa hiyo huduma bora ni ile ambayo tayari iko mkononi mwa mtu wa upande wa pili. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilijua hilo kabla ya washauri wa teknolojia. Anayeagiza Guangzhou au Yiwu ana WeChat, kwa sababu China imeifungia WhatsApp na muuzaji wake hutumia hiyo. Anayenunua Dubai anajua kwamba huko simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi, basi ana BOTIM pembeni. Mwaka 2020 safari za ndege ziliposimama, waliokuwa wakienda wenyewe kukagua mizigo walikagua kwa video: muuzaji anatembeza kamera ghalani, mnunuzi anasema fungua lile boksi la chini. Hakuna aliyewafundisha, wala hakuna aliyelipia leseni.

Zoom na Google Meet zina mahali pake. Ukiwa na mteja wa kampuni, mfadhili au mkaguzi anayekaa ofisini kwenye waifai, atakutumia linki yake na utaingia bure. Ukiandaa wewe, toleo la bure la Zoom linakata kikao kwa dakika 40, na la Google Meet linakata kikao cha watu watatu au zaidi kwa saa moja. Kwa duka dogo muda huo unatosha, na kikao kisichokwisha kwa dakika 40 kwa kawaida hakina ajenda. Lipia pale tu unapofundisha au kuuza huduma kupitia kikao chenyewe, mahali ambapo kukatika ni hasara.

Simu ya kawaida, ya sauti tupu, isidharauliwe. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, intaneti ikadorora nchi nzima kwa siku kadhaa. Waliokuwa wamehamishia biashara yote kwenye programu walikaa wakitazama kiduara kikizunguka. Waliokuwa na namba za wateja kwenye daftari waliwapigia, wakauza.

Kuna jambo moja zaidi, na kwenye vitabu ninavyotunza limeleta hasara kuliko bei ya bando lolote. Tangu usajili wa alama za vidole ukamilike mwaka 2020, laini ni mali ya aliyeweka kidole. Maduka mengi yanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kijana wa mauzo. Siku kijana anapopata kazi kwingine anaondoka na namba, anaondoka na WhatsApp yenye picha za bidhaa zako, anaondoka na kila mteja aliyekuwa amezoea kupiga pale. Na kumdai ni vigumu, kwa kuwa laini ina jina lake. Kampuni inaruhusiwa kusajili laini kwa jina lake kwa nyaraka zake za usajili na namba ya mlipakodi. Fanya hivyo wiki hii, kabla hujafikiria huduma nyingine yoyote.

Ushauri wangu kwa mwenye biashara ndogo ni huu basi. Namba moja ya biashara iliyosajiliwa kwa jina la biashara, yenye kifurushi cha mitandao yote. WhatsApp ya biashara juu ya namba hiyohiyo, kwa picha na oda. Programu nyingine yoyote kwa sababu ya mteja au muuzaji fulani unayemjua kwa jina, si kwa sababu umeona tangazo. Simu ya mezani kama una ofisi na wateja wa serikali wanaoiulizia; kama hakuna anayeipiga, ikate uokoe ada. Nakala ya namba zote iwe kwenye karatasi. Na mteja akikubip, mpigie.